Dada alirudi na mikebe minne ya bia, na deni langu la karo

Hebu nikuulize kitu, na usinijibu haraka. Bia uliyokunywa mara ya mwisho ilikuwa na ladha gani?

Siulizi bei. Bei unaikumbuka, najua. Siulizi jina la baa wala nani alilipa. Nauliza ladha. Ilinukia mkate? Ilinukia majani? Ilianza tamu ikaisha chungu? Kama wewe ni kama mimi wa juzi juzi, utasema tu "ilikuwa bia, bana," kisha ucheke.

Mimi pia ningecheka. Nimekunywa bia nyingi, nyingi kuliko mtu wa miaka 26 anavyofaa kukiri kwenye gazeti ambalo mamake husoma. Lakini hadi Oktoba iliyopita sikuwa nimeonja hata moja. Kunywa ni kitu kimoja na kuonja ni kingine. Tofauti hiyo nilifunzwa na mikebe minne iliyotua Nairobi ikiwa imefichwa ndani ya soksi.

Kama hujafika miaka 18, sheria ya Kenya haikuruhusu kunywa pombe, kwa hivyo nenda kwanza kwenye ukurasa wa michezo. Tutaonana siku zako zikifika. Wengine, vuta kiti.

Zawadi ndani ya soksi

Aliyeleta mikebe hiyo ni dada yangu. Ni mtoto wa baba mkubwa. Mzungu angemwita binamu, lakini kwetu Bungoma huyo ni dada, hakuna mjadala. Anaishi Lowell, mji ulio katika jimbo la Massachusetts kule Marekani, ambako Wakenya ni wengi kiasi kwamba ukipiga chafya mtu atakwambia "afya" badala ya Kiingereza. Kazi yake ni kuwatunza wazee, zamu za usiku. Alikuwa hajakanyaga nyumbani kwa miaka sita.

Kuna jambo moja lazima ulijue kunihusu kabla hatujafungua mkebe wa kwanza. Kwenye wasifu wangu mtandaoni nimeandika kwamba niliacha chuo ili nifuate ndoto ya kublogi. Inasikika vizuri, sivyo? Ukweli ni kwamba nilipokuwa mwaka wa pili, dada alinitumia karo ya muhula, shilingi 38,000. Haikufika kwa ofisi ya fedha. Iliisha kwa wiki tatu, mzinga baada ya mzinga, raundi baada ya raundi, mimi nikiwa ndiye bosi wa meza. Mtihani ulipofika, jina langu halikuwa kwenye orodha. Sikuacha chuo. Nilikinywa.

Dada hakuwahi kuniuliza. Sikuwahi kumwambia. Tulikuwa tukizungumza kwa simu kuhusu hali ya hewa.

Sasa mwone huyo dada, ameketi kwenye keja yangu ya chumba kimoja Kasarani, keshoye anapanda basi la Bungoma. Anafungua begi, anatoa soksi nne nzito na kuzipanga mezani. "Sikukuletea viatu," anasema. "Nimekuletea mapukutiko."

Vuli si vuli

Unakumbuka majira ya mwaka darasani? Masika, kiangazi, kipupwe, vuli. Vitabu vingi vikitafsiri ile misimu minne ya Wazungu huita "vuli" kile kipindi cha Septemba hadi Novemba. Lakini vuli yetu ni mvua za mwisho wa mwaka, matope ya stejini na mathree kupandisha nauli. Ya kwao ni kipindi cha majani ya miti kugeuka manjano na mekundu kisha kuanguka, ndiyo maana wengine hukiita mapukutiko. Hapa Nairobi kinachopukutika Oktoba ni maua ya jakaranda tu, yanayofanya barabara ziwe za zambarau.

Kule ni msimu wa mavuno. Malenge hupangwa kwenye ngazi za nyumba, watu huenda mashambani kuchuma matofaha, na wapishi wa bia, hasa wa viwanda vidogo, hutoa bia ambazo hutazipata mwezi mwingine. Zikiisha zimeisha. Ukizitaka tena, unangoja mwaka.

"Mimi hununua pakiti moja ya mikebe sita kila msimu," dada alisema. "Moja. Ikiisha, nimemaliza mapukutiko."

Nilidhani anatania. Mikebe sita kwa msimu mzima? Kuna wakati mikebe sita kwangu ilikuwa ya kusubiria marafiki wafike.

Kisha akaniwekea masharti manne, na nakupa wewe kama alivyonipa. Kwanza, bia inamiminwa kwenye glasi, kwa sababu mkebe unaziba pua, na nusu ya ladha iko puani. Pili, isiwe baridi kama barafu. Tatu, kunywa maji katikati ya bia moja na nyingine. Nne, hakuna kupiga funda la pili kabla hujasema kitu kuhusu la kwanza.

Hilo la pili lilinifurahisha. Unajua wahudumu wa baa zetu huuliza "ya baridi au ya moto?" na wageni wakabaki midomo wazi. Eti ni nani anakunywa bia ya moto? Kumbe baridi kali hufanya ulimi uwe ganzi na harufu isipande. Bia za namna hii huonjwa vizuri zikiwa na ubaridi wa wastani, nyuzi 8 hadi 12 hivi. Tulizitoa kwenye friji, tukapiga stori robo saa, ndipo tukafungua. Glasi zangu mbili zilikuwa zamani chupa za jamu. Zilitosha.

Mkebe wa kwanza: bia iliyopikwa Machi

Wa kwanza ulikuwa Samuel Adams Octoberfest, wa kampuni ya Boston Beer iliyoanzishwa mwaka 1984, ambayo ni miongoni mwa zile zilizowafunza Wamarekani kwamba bia si lazima iwe maji ya manjano. Kilevi chake ni asilimia 5 na kidogo.

Rangi yake ni strungi, ile chai ya rangi iliyokolea, ukiinua glasi kwenye balbu inawaka wekundu. Nilinusa. Nikasema "bia." Dada akaniangalia kama mwalimu wa hisabati. Nikanusa tena. Mkate! Si mkate wa katikati, ni lile ganda la kahawia. Mdomoni kulikuwa na utamu mdogo wa sukari iliyounguzwa, kisha uchungu mwepesi wa kufunga mlango, basi.

Aina hiyo ya bia huitwa Märzen, na jina linatokana na Machi kwa Kijerumani. Utauliza, bia ya Machi inafanya nini Oktoba? Hapo ndipo stori inanoga. Zamani kule Bavaria, kusini mwa Ujerumani, bia iliyopikwa wakati wa joto ilikuwa ikiharibika ovyo kwa sababu ya vijidudu. Mwaka 1553 mtawala wao, Albrecht V, akapiga marufuku kupika bia kati ya Aprili 23 na Septemba 29. Kwa hivyo Machi wapishi walijitahidi kupika akiba, wakaifanya iwe na nguvu kidogo ili idumu, kisha wakaifungia kwenye mapipa ndani ya maghala ya chini ya ardhi. Juu yake walipanda miti ya kivuli ili ardhi isipate joto. Watu wakaanza kuketi chini ya miti hiyo na kunywea papo hapo, na ndivyo bustani za bia za Bavaria zilivyozaliwa.

Ikifika mwisho wa Septemba, mapipa yalihitajika kwa bia mpya. Ile ya Machi iliyobaki ilibidi imalizwe. Kwa hivyo bia ya mapukutiko ilikuwa bia ya subira, iliyokaa gizani nusu mwaka ikitulia.

Miaka ya 1870 mhandisi Carl von Linde aliunda mashine za kupozea, na kiwanda cha Spaten cha Munich kikawa miongoni mwa vya kwanza kuzitumia. Tangu hapo mtu angeweza kupika bia mwezi wowote. Kungoja kukawa hiari. Fikiria hilo: leo hakuna sababu ya kiufundi ya kungoja Märzen, ila watu wameamua kungoja.

Mkebe wa pili: sherehe iliyoanza kama harusi

Wa pili ulitoka Munich kwenyewe ukazungukia Marekani: bia ya Oktoberfest ya Paulaner, asilimia 6. Nilitarajia strungi nyingine. Ikatoka rangi ya dhahabu.

Hapa nilikuwa mmoja wa wale ambao hudhani Oktoberfest ni ulevi tu wa Wajerumani. Ilianza kama harusi. Oktoba 12, 1810, mrithi wa ufalme wa Bavaria, Ludwig, alimwoa Therese wa Sachsen-Hildburghausen, na siku chache baadaye kukawa na mbio za farasi kwenye uwanja nje ya mji. Watu wakapenda, wakarudia mwaka uliofuata. Uwanja huo bado unaitwa kwa jina la bibi harusi, Theresienwiese. Siku hizi sherehe huanza Septemba, kwa sababu hali ya hewa bado ni nzuri, na huvuta mamilioni ya watu. Bia inayouzwa humo ni ya viwanda sita tu vya Munich, na glasi yake ni ya lita nzima.

Ile ya rangi ya strungi ndiyo iliyotamba huko kuanzia mwaka 1872, lakini miongo ya karibuni Munich wamehamia kwenye hii ya dhahabu, nyepesi mdomoni, rahisi kushuka. Wamarekani ndio waliobaki na ile ya zamani. Ni kama Mkenya wa Lowell anayepika chapati vile mamake alivyopika miaka ya tisini, huku mamake mwenyewe Bungoma ameanza kununua zilizo tayari.

Nilinusa: unga wa shayiri, asali kidogo, majani makavu. Ilishuka kirahisi kweli. Nikajikuta nimeinua glasi kwa funda la pili, la tatu, na dada akagonga meza. "Umesema nini kuhusu la kwanza?"

Sikuwa nimesema kitu. Mkono ulikuwa umekumbuka njia yake ya zamani bila kuniuliza. Unaijua hali hiyo? Glasi inaisha na hujui nani aliimaliza. Niliirudisha mezani na nikanywa maji. Bia hii ni nzuri, lakini ndiyo iliyonitisha zaidi usiku ule, maana asilimia 6 imevaa nguo za asilimia 3.

Mkebe wa tatu: uliochelewa

Wa tatu ulitoka kiwanda kidogo karibu na kwake, na ndio aliousubiri kwa hamu. Ni bia ya hopsi mbichi.

Hopsi ni maua ya mmea unaopanda kamba kama maharage ya kutambaa. Ni ya ukoo mmoja na bangi, lakini usifurahi, haifanyi kazi hiyo. Ndiyo inayoipa bia uchungu na harufu ya maua, machungwa au nyasi. Kwa kawaida huvunwa mara moja kwa mwaka, mwisho wa Agosti na Septemba, na hukaushwa haraka, kwa sababu ikikaa mbichi huanza kuoza. Ikishakauka hutumika mwaka mzima.

Lakini kuna wapishi waliouliza: itakuwaje tukiitia kwenye sufuria ikiwa bado na umande? Mwaka 1996, kiwanda cha Sierra Nevada cha Chico, California, kilisafirisha hopsi mbichi kutoka bonde la Yakima, jimbo la Washington, ambako ndiko hopsi nyingi za Marekani hulimwa, na kikapika bia iliyofungua njia kwa wengine. Ni mbio. Ua likikatwa, mpishi anataka liwe ndani ya bia kwa muda wa siku moja hivi. Na bia yenyewe inafaa kunywewa mapema, kwa sababu ile harufu ya kijani ndiyo ya kwanza kuondoka.

Dada alifungua, akamimina, akanusa. Uso wake ukashuka.

"Imeenda," alisema.

Nilinusa. Kwangu ilikuwa bia nzuri tu, na uchungu wake ulikuwa safi. Lakini aliniambia kule kiwandani, wiki ilipotoka, ilinukia kama umepasua jani mbichi kwa kucha. Alikuwa ameinunua mapema kwa ajili yangu, ikakaa kabatini wiki tano akingoja ruhusa ya kazi, kisha ikakaa kwenye begi la moto uwanja wa ndege. Kila kitu kingine alichobeba kilifika. Ile harufu haikufika.

Alinyamaza kwa muda. Kisha akasema, "Kama mazishi ya kukhu."

Kukhu ni nyanya yetu. Alifariki mwaka mmoja na nusu kabla ya usiku huo. Dada alikuwa anangoja karatasi zake za uhamiaji, akaambiwa akitoka huenda asirudi. Akatazama mazishi kwenye simu, mtandao ukikatika kila jeneza likisogea. Aliniambia mambo mengine unaweza kuyakausha na kuyahifadhi, na mengine ni lazima uwe pale.

Nilimkumbusha busaa ya kukhu. Baada ya mavuno ya wimbi alikuwa akivundika unga wa mahindi, anaukaanga juu ya moto mpaka boma zima linanukia, kisha anachanganya na kimea cha wimbi na maji na kuiacha siku zake. Wazee waliketi kuzunguka chungu na mirija yao mirefu. Chungu kikiisha, kukhu alikiosha na kukifunika juu chini. Mzee akiulizia tena, jibu lilikuwa moja: subiri mavuno. Tulipokuwa watoto tuliona ni ubahili. Kumbe kukhu alikuwa na bia ya msimu kabla hatujasikia habari za Munich.

Mkebe wa nne: pilau ndani ya glasi

Wa mwisho ndio mkali: Pumking, bia ya malenge ya kiwanda cha Southern Tier, jimbo la New York. Asilimia 8.6. Soma tena hiyo namba, kisha uilinganishe na laga uliyozoea ya asilimia 4 na kidogo. Ndiyo maana iliwekwa mwisho, na ndiyo maana tuligawana mkebe mmoja.

Alipofungua tu, nilicheka kwa sauti. Keja yote ilinukia pilau! Mdalasini, kungumanga, tangawizi, karafuu: ndiyo familia ya viungo vya bia za malenge, na ndiyo familia ya jikoni zote za Pwani. Mmarekani akinusa karafuu kwenye glasi anaona majani mekundu na pai ya malenge ya nyanya yake. Mimi naona sufuria ya Idi kwa jirani na meli za Unguja na Pemba.

Malenge yenyewe yaliingiaje? Walowezi wa kwanza wa Kiingereza kule Marekani walikosa kimea cha kutosha, wakatumia kilichokuwa shambani, yaani malenge. Kimea kilipopatikana, desturi ikafifia. Miaka ya 1980 mpishi mmoja wa Hayward, California, Bill Owens wa Buffalo Bill's Brewery, akaifufua. Aligundua malenge hayatoi ladha kubwa kwenye bia, kwa hivyo akaongeza viungo vya pai. Tangu hapo, watu wakisema bia ina ladha ya malenge, mara nyingi wanamaanisha mdalasini.

Wajerumani wenye msimamo hawataki kuisikia, maana kanuni yao ya mwaka 1516 ilitaja shayiri, hopsi na maji tu. Na hata Marekani wapo wanaolalamika kwamba mikebe ya malenge huingia dukani Agosti, watu wakiwa bado wamevaa kaptura. Msimu unavutwa nyuma kwa sababu ya biashara. Dada haigusi kabla ya Oktoba. "Ukiinywa Agosti, Oktoba utakunywa nini?"

Ilikuwa tamu, nzito, na ilipanda kichwani polepole kama mgeni anayevua viatu kwanza. Labda ni hiyo asilimia 8.6. Labda ni kukhu. Nilijisikia nikisema, "Dada, ile karo."

"Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Najua haikulipwa. Niliandikia ofisi ya fedha mwezi ule ule kuomba risiti. Nilikuwa nangoja uniambie wewe."

Msomaji wangu, nilikuwa nimeandaa hotuba ya miaka minne na yote ikapotea. Nikamwambia tu: niliinywa. Wiki tatu. Sikumbuki ladha ya hata moja.

Hakunifokea. Alisema pesa zile zilikuwa zamu tatu za usiku, mwezi wa Januari, na siku ya pili gari lake lilikwama kwenye theluji akatembea. Alizitaja kama mtu anayesoma risiti. Kisha akauliza kama bado nakunywa vile. Nilimwambia ukweli: si vile, lakini mkono bado unaijua njia, ameuona mwenyewe kwenye mkebe wa pili. Akatikisa kichwa.

"Ndiyo maana nilileta minne," alisema. "Ningeleta pakiti, ungekuwa umelala saa hii."

Tulikaa na mikebe minne karibu saa tatu. Tulipoinuka, glasi yangu ya malenge ilikuwa imebaki nusu. Niliimwaga kwenye sinki. Unaweza kuona si kitu. Mimi sikuwahi kumwaga pombe maishani.

Ukitaka kujaribu

Huhitaji ndugu Marekani. Nairobi ina viwanda vidogo vinavyopika bia kwa mafungu madogo, na hata laga ya kawaida ina kitu cha kukwambia ukiimimina kwenye glasi. Waite marafiki wawili. Nunueni aina tatu au nne, chupa moja moja, mgawane. Anzeni na nyepesi, malizieni na kali, na msome asilimia kabla ya kufungua. Bia ya rangi ya strungi iendeni na nyama choma, kwa sababu ule unguzo wa nyama na ule wa kimea vinaelewana. Yenye viungo iendeni na kitu kisicho na kelele, hata viazi vya kuchemsha. Maji mezani. Funguo za gari kwa asiyeonja.

Lakini sitakudanganya kwamba kuonja ni dawa. Nina rafiki tuliyekaa naye hosteli ambaye glasi moja kwake ni mlango wa wiki nzima. Yeye hakuja kwenye meza kama hiyo, na hafai kuja. Hagusi kabisa, miaka miwili sasa, na hiyo ni kazi ngumu kuliko yangu. Kama unajiona ndani yake, wacha masharti ya glasi na nyuzi. Piga 1192, simu ya bure ya NACADA, uongee na mtu.

Kwangu mimi imebaki kanuni moja: sinunui bia ambayo siwezi kuieleza. Imenipunguzia bia nyingi kuliko hotuba zote za kanisani. Nilibadilisha pia ule wasifu mtandaoni. Sasa umeandikwa tu "mwanablogu, Kasarani."

Januari nilianza kumlipa dada, elfu mbili kila mwezi. Mwezi huu nimetuma ya tisa, zimebaki elfu ishirini. Jana usiku alinitumia picha kutoka duka la Lowell: rafu imejaa mikebe ya rangi ya chungwa, msimu umeingia tena. Chini yake aliandika kwamba amenunua pakiti yake moja, na kwamba ile ya hopsi mbichi ameifungua siku hiyo hiyo, hakuningojea.

Nikamjibu: "Inanukiaje?"

Aliandika ujumbe mrefu. Niliusoma mpaka mwisho.